Kofia ya Bi Eduviges

Mara ya nne Bi Eduviges Rocabado kwenda kituo cha afya, alitoka na dawa zile zile za mara tatu za kwanza: chai ya kamomili asubuhi na jioni, vidonge vyeupe vya kutuliza, na agizo la kupunguza hasira.

“Hasira za nani, dokta?” aliuliza. “Mimi sina hasira na mtu.”

“Unamwona?” Dokta Iriarte alimwambia nesi Nélida bila kuinua kichwa. “Sauti imeshapanda.”

Sauti haikuwa imepanda. Sisi wa benchi la nje tulisikia, maana mlango wa kile chumba haujawahi kufunga sawasawa na siri za mji mzima tunazo sisi. Eduviges alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, kwamba taya lake la kushoto linamvuta kama jino bovu, na upande ule hana jino hata moja. Kwamba mkono unakuwa mzito kama wa mtu mwingine. Kwamba jasho la baridi linamtoka mbele ya tanuri, na tangu Pasaka hawezi kuingiza mikate bila kukaa chini mara mbili.

“Una miaka mingapi?”

“Hamsini na nne.”

“Basi ndiyo hayo. Hedhi ikishakoma, mwili wa mwanamke unazua mambo. Mumeo, Mzee Casiano, hajambo? Mwambie sikukuu hii bendi yake isiupige ule wimbo wa mwisho mbio mbio, miguu yetu inashindwa kuufuata.”

Dakika nne, nilihesabu. Mimi mwenyewe nilikaa kumi na mbili kwa ajili ya kidole cha mguu, lakini mimi ni mwanaume. Nesi Nélida alimsindikiza Eduviges mpaka mlangoni. Alifungua mdomo kutaka kusema kitu, akamtazama daktari, akaufunga.

*

Nyumbani kwa Casiano Orellana waganga walikuwa wengi kuliko kituo cha afya. Wa kwanza alikuwa mama yake Casiano, Bi Saturnina, mwenye miaka themanini na tatu na jibu la kila kitu.

“Hiyo ni baridi ya uzazi,” alisema. “Hukukaa ndani siku arobaini ulipomzaa Limbert. Nilikwambia. Ukajitia kwenda kuoka mikate.”

“Mama, Limbert ana miaka kumi na tisa. Ana ndevu.”

“Baridi haina haraka.”

Wa pili alikuwa Tiburcio, mganga wa mtaa wa chini. Kwetu huku mgonjwa si lazima aende kwa mganga kwa miguu yake. Anapeleka nguo iliyolowa jasho lake, na mtu wa kusema maneno yake. Mganga anaishika nguo, anainusa, anasikiliza maneno, na ugonjwa unajitaja. Kwa hiyo Casiano alichukua kofia nyeupe ya mkewe, ile ndefu ya kuendea sokoni, akampelekea Tiburcio pamoja na chupa ya pombe ya mahindi. Tiburcio aliinusa kofia ndani, akainusa chupa, akakaa na chupa muda mrefu zaidi.

“Hasira,” alisema. “Nyongo imepanda. Asile pilipili, na mtu asimuudhi.”

Ukimkuta daktari wa serikali, mganga wa mtaa na mama mkwe wamekubaliana jambo moja juu ya mwanamke, ujue huyo mwanamke kwisha habari yake. Kuanzia siku hiyo nyumba nzima ilitembea kwa vidole. Casiano, aliyekuwa akilipiga lile tarumbeta kubwa la shaba, lile la kujivika mwilini kama koti, alianza kufanyia mazoezi kwenye shamba la mahindi la binamu yake, mahindi ndiyo yakaudhika. Bi Saturnina alianza kusema tafadhali, neno ambalo hakuwahi kulitumia tangu ubatizo. Hata jirani Fidelia, aliyegombana na Eduviges miaka kumi kwa sababu ya jogoo, alianza kumwamkia kwa tabasamu.

“Mnanichekea nini?” Eduviges aliuliza mezani siku ya tatu, juu ya supu isiyo na pilipili.

“Hakuna mtu anacheka, mama Limbert,” Casiano alisema kwa sauti ya kubembeleza mtoto. “Tulia. Usipandishe.”

“Sijapandisha!”

Mama na mwana wakatazamana. Bi Saturnina akasukuma kikombe cha kamomili taratibu mpaka mbele yake.

*

Alhamisi alfajiri Casiano alimkuta mkewe ameketi juu ya gunia la unga, amekumbatia mpini wa ule ubao mrefu wa kuingizia mikate. Tanuri lilikuwa limeiva. Mikate mia moja na ishirini, ile ya duara yenye jibini juu, ilikuwa imeumuka ikimngoja. Uso wa Eduviges ulikuwa na rangi ya majivu, na unga uliokuwa mashavuni ulikuwa umelowa.

“Ngoja kidogo tu,” alisema. “Linapita.”

“Taya?”

“Taya, na mkono. Na leo mgongo pia, hapa katikati. Kama mtu amenikalia.”

Casiano ni mtu mkubwa, shingo yake na paja langu sawa. Lakini aliogopa. Miaka thelathini amelala na kuamka na mwanamke yule, na hakuwahi kumwona amekaa wakati tanuri limeiva. Aliingiza mikate mwenyewe, akaunguza sitini.

“Twende kwa daktari,” alisema.

“Siendi. Kuambiwa mara ya tano kwamba nina hasira? Nitakuwa nazo kweli, Casiano, halafu ndiyo mtasema mlijua.”

“Basi nakwenda mimi. Nakwenda kukusemea.”

“Nenda ukaseme,” alisema, akafumba macho. “Labda wewe watakusikia, una sauti ya tarumbeta.”

Casiano alimkalisha vizuri, akamwambia ayarudie maneno yote, moja baada ya jingine, naye akayakariri kama anavyokariri nyimbo za bendi, kwa kugonga kidole gotini. Kisha akachukua ile kofia nyeupe kwenye msumari. Mtu akienda kumsemea mgonjwa, haendi mikono mitupu.

*

Saa nne asubuhi alikuwa mbele ya Dokta Iriarte, kofia ya mkewe kifuani.

“Dokta, nimekuja kwa ajili ya maumivu. Yanaanzia taya la kushoto, kama jino bovu...”

Dokta Iriarte aliweka kalamu chini.

“...yanakwenda kwenye mkono, mkono unakuwa mzito. Jasho la baridi. Kupumua shida. Leo yamefika mgongoni, kama mtu amekukalia...”

“Nélida!” daktari alipiga kelele, amesimama tayari. “Mashine ya moyo! Haraka! Mzee Casiano, lala hapo. Usitembee. Usiongee.”

“Lakini dokta, si mimi...”

“Ndivyo mnavyosema nyote! Si mimi, mimi mzima, mimi dume! Wanaume wa mji huu mnakufa kwa kujikaza. Lala, nimesema!”

Benchi la nje lote tulisimama. Mashine ile tulikuwa tukiiona kwenye kabati la kioo tangu ilipoletwa, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Nesi Nélida aliisukuma kwa magurudumu yake, akamvua Casiano shati, akaanza kumbandika nyaya kwenye kifua na vifundo vya mikono na miguu. Daktari alijaribu kumwondolea kofia mikononi.

“Hapana, dokta,” Casiano alisema, akaing’ang’ania. “Bila hii haitasoma. Ni ya mke wangu.”

“Mwache nayo,” daktari alimwambia nesi kwa sauti ya chini. “Maskini, anaogopa. Anataka kitu cha mkewe.”

Hapo ndipo Casiano alipotulia. Alidhani mambo ni yale yale ya kwa Tiburcio, ila huku wamepiga hatua: mganga ananusa kwa pua, serikali inanusa kwa waya. Aliiweka kofia juu ya moyo wake, katikati ya nyaya, akafumba macho, akamfikiria Eduviges kwa nguvu zake zote ili mashine isikosee.

Karatasi ikatoka. Daktari aliisoma mara mbili, akashusha pumzi.

“Moyo wa fahali,” alisema. “Safi kabisa. Lakini kwa dalili hizo hatuchezi. Saa tisa urudi turudie kipimo. Mtu mwenye dalili hizo hakai nyumbani akinywa chai, umenielewa? Anapimwa, na anapimwa tena.”

“Na hasira?” Casiano aliuliza, ili asisahau kitu.

“Hasira gani? Nani kakwambia hasira? Hayo ni maneno ya wanawake.”

Nesi Nélida alikuwa akibandua nyaya. Mikono yake ilisimama. Aliitazama kofia, akamtazama Casiano, akarudia kimoyomoyo: taya, mkono, jasho. Kisha akaendelea kubandua, lakini polepole sana.

*

Casiano alirudi nyumbani anakaribia kucheza barabarani.

“Mama Limbert! Una moyo wa fahali! Safi kabisa, daktari mwenyewe kasema! Na hasira huna!”

Eduviges alikuwa amelala kwenye benchi karibu na tanuri, Bi Saturnina akimpepea kwa mfuniko wa sufuria.

“Kasema nani nina moyo gani?”

“Mashine. Wamenibandika nyaya kumi, kofia yako juu.”

“Wewe? Wamekubandika wewe?”

“Mimi na kofia.”

Eduviges alimtazama mumewe, akaanza kucheka. Alicheka kimyakimya, bega linaruka, machozi yanamtoka, mpaka Bi Saturnina naye akacheka bila kujua cha kucheka. Halafu kicheko kikakatika, na mkono wake ukaenda kwenye taya.

“Casiano,” alisema alipoweza kusema. “Ulimwambia nini?”

“Maneno yako. Sikuongeza hata moja.”

“Yote? Jino, mkono, jasho?”

“Yote.”

“Akakupa kamomili?”

“Kamomili ya nini? Alipiga kelele. Akasema mtu mwenye dalili hizo hakai nyumbani akinywa chai. Anataka nirudi saa tisa, warudie.”

Bi Saturnina aliweka mfuniko chini.

“Mara nne,” Eduviges alisema. “Mara nne nimempelekea maneno haya kwa mdomo wangu. Nimekaa kwenye lile benchi tangu giza. Wewe umeyasema mara moja, umepata mashine.”

Masikio ya Casiano yalikuwa mekundu. Jambo likimwingia yule mtu huwa linachukua muda, lakini likishaingia halitoki.

“Basi kile kipimo...” alisema.

“Ni chako, baba Limbert. Wewe ndiye fahali.”

“Na wewe?”

“Mimi sijapimwa.”

Bi Saturnina ndiye aliyesimama wa kwanza. Akachukua shali lake jeusi, akajifunga.

“Saa tisa imebaki muda gani?” aliuliza. “Mimi nazaa watoto wajinga, lakini siziki wakwe. Casiano, leta baiskeli ya mizigo!”

*

Tuliwaona wakija: Eduviges ameketi kwenye kikapu cha mikate mbele ya baiskeli, sketi zake za marinda zimejaa unga, Casiano anasukuma huku analia waziwazi, na nyuma yao kikongwe anawakaripia wote wawili.

Dokta Iriarte alimpokea Casiano kwa mikono miwili. Eduviges alipata salamu ya kichwa tu.

“Umefanya vizuri kumsindikiza,” daktari alimwambia. “Na ile chai unakunywa? Kaa hapo pembeni. Tulia usimtie presha.”

Casiano alilala kitandani. Daktari alimwambia nesi aanze, yeye akaenda chumba cha pili kumalizia kahawa yake. Nesi Nélida akavuta pazia. Casiano akashuka kitandani upande wa ukutani. Eduviges akapanda.

Nesi aliwatazama wote wawili. Kazi yake ni ya mkataba, unaisha kila Desemba, na daktari ndiye anayeweka sahihi.

“Mimi,” nesi Nélida alisema polepole, “nimeambiwa nimpime aliye kitandani.”

Akaanza kufungua vifungo vya blauzi ya Eduviges.

Karatasi ilipotoka, nesi hakuisoma hata hadi mwisho. Alikimbia nayo. Tulisikia kikombe kikianguka, kisha sauti ya Dokta Iriarte ikija koridoni: “Piga simu mjini! Gari la wagonjwa! Mzee Casiano, usisogee! Usisogee hata kidole! Huu ni mshtuko wa moyo, jamani, mtu huyu anakufa!”

Akalivuta pazia kwa nguvu, vikulabu viwili vikaruka. Kitandani alikuwa Eduviges, nyaya kifuani, mikia miwili ya nywele imening’inia. Pembeni alikuwa Casiano, mzima, ameshika kofia.

Daktari alitazama karatasi. Akatazama kitanda. Akarudi kwenye karatasi, jina juu limeandikwa Orellana, Casiano.

“Hii... hii ya nani?”

“Ya mwenye maneno, dokta,” Eduviges alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Mmeidanganya ofisi ya serikali! Na wewe Nélida... Yawezekana mashine imechafuka. Mwanamke mwenye hasira anaweza...”

“Asubuhi uliiamini, dokta,” nesi alisema.

“Iriarte!” Bi Saturnina alisema toka mlangoni, bila cheo wala salamu. “Mama yako nilimkanda mgongo siku anakuzaa. Alikuwa na hasira kweli kweli. Ungemwona! Na bado tulimhudumia. Piga hiyo simu.”

Dokta Iriarte alipiga simu. Lazima niseme ukweli, hata kama simpendi: alimpa aspirini, akamtundikia dripu. Hakumtazama machoni.

*

Gari lilipofika hospitali kubwa ya mjini Cochabamba, wauguzi wawili walisoma karatasi, wakamkamata Casiano, wakamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Walimsukuma mlango wa kwanza na wa pili huku akipiga kelele: “Si mimi! Safari hii kweli si mimi!” Mmoja akamwambia wanaume wote ndivyo wanavyosema. Ilibidi asimame, ambebe mkewe toka kwenye machela, amweke kwenye kile kiti yeye mwenyewe. Ndipo walipoelewa.

Walimfungua mshipa uliokuwa umeziba. Aliishi. Najua mlikuwa mnangoja hilo, basi shusheni pumzi.

Siku ya tano daktari wa moyo alikuja na faili lililotumwa toka kituo cha afya. Alikuwa mwanamama mfupi, Dokta Zenteno, miwani imening’inia kwa kamba shingoni. Pembeni ya kitanda walikuwa Casiano, vidole vimeungua vyote kwa sababu ya tanuri, na Bi Saturnina, aliyeleta supu na pilipili kwa siri.

“Nisemeje,” Dokta Zenteno alianza, akamgeukia Casiano kwa mazoea. “Kipande cha moyo wa mke wako kimekufa. Hakirudi. Angekuja wiki tatu mapema, angeondoka hapa mzima. Sasa tanuri basi. Kukanda unga basi. Kupanda mlima na kikapu, basi.”

Casiano alikuwa ameinamisha kichwa, kofia nyeupe iko mapajani. Alifikiria tanuri lile, ambalo Eduviges alilijenga kwa mikono yake kabla hata hawajaoana, na aliona aibu isiyo na mfano.

“Alikuja,” alisema mwishoni, ndivyo tulivyosimuliwa. “Alikuja mara nne.”

Daktari akafungua faili, akavaa miwani. Alisoma ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili, wa tatu, wa nne. Kila ukurasa, kwa mwandiko ule ule, neno lilikuwa lile lile: hasira. Uso wake ulibadilika. Alilifunga faili, akakohoa, akauliza lile swali wanalouliza kila asubuhi.

“Na leo anajisikiaje?”

Alikuwa bado anamtazama Casiano. Casiano akafungua mdomo, maana maneno ya mkewe bado alikuwa nayo yote kichwani. Kisha akaufunga. Akasimama, akaiweka kofia nyeupe mikononi mwa mwenyewe.

“Muulize mwenye moyo,” alisema.

Eduviges aliigeuza kofia, akapangusa unga uliobaki kwenye ukingo. Akaivaa, hapo hapo kitandani, na nyaya zake kifuani. Hakupandisha sauti.

“Nina hasira, daktari,” alisema. “Zimeanza leo. Andika.”